Chumvi ya Mama Kabira

Haya, nyamazeni basi niwaambie. Tangu nishuke Voi simu yangu haijapumua. "Wakesho, ulipotelea wapi?" "Wakesho, mbona blogu imenyamaza?" "Wakesho, ni kweli ulifungwa?" Sikufungwa. Nilisafirishwa kutoka Riyadh hadi Jeddah kwa gari, nimekaa nyuma kabisa na mabegi, nikipelekwa kujibu kesi ya maneno niliyoyaandika kwa Kiswahili na yakasomwa na simu. Bado nina hasira, tena sitaki mtu aniambie hasira hasara. Hasara nilishaipata, acheni nibaki na hasira yangu.

Mambo ya ajenti, viza na ikama, kile kibali cha kukaa, siwaelezi, mnayajua. Naanzia pale mambo yalipoharibika.

Malaz, sebuleni

Nyumba yetu ilikuwa Malaz, mtaa wa Riyadh, orofa ya pili. Baba ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu nchini, mtu wa maneno machache. Madam, mkewe, maneno yote ya Baba anayo yeye. Binti yao mkubwa, Reem, anasoma chuo. Na kazi yangu hasa ilikuwa mama mzazi wa Baba, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Nilimwogesha, nilimpikia supu yake, nilimsuka nywele zake nyeupe. Ana presha, kwa hiyo chumvi kwake ni marufuku. Daktari alisema, Madam akasema, mimi nikaweka kopo la chumvi juu kabisa ya kabati.

Alasiri, Mama Kabira akilala, mimi nilikuwa naandika blogu. Mnaoisoma mnajua sikuwahi kuandika mambo makubwa. Niliandika jinsi muuza mboga wa Kibangali pale chini anavyonisalimia kwa Kiswahili alichofundishwa na dereva wetu, yaani matusi, na yeye hajui. Niliandika jinsi vumbi linavyoingia hata dirisha likifungwa. Mtu akikaa nyumba ya watu, siku nzima ni "Wakesho lete, Wakesho toa," jioni hajui tena kama yeye mwenyewe yupo. Nikiandika nilikuwa nakumbuka kwamba nipo, na macho ni yangu. Hicho ndicho blogu iliniletea, kabla haijaniletea balaa.

Basi niliandika habari ya Mama Kabira. Niliandika kwa mapenzi kabisa. Nikasema: "Mama Kabira amekula chumvi nyingi, jamani, lakini macho yake bado yanaona. Huyu atatuzika sote."

Nani kati yenu haelewi hapo? Kwamba ameishi miaka mingi, na bado yuko imara, na sisi vijana tutatangulia. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Baada ya hapo presha ya Mama Kabira ikapanda, na binti yake anayekaa Jeddah akaja na ndege akamchukua akatibiwe huko. Nyumba ikapoa. Alasiri moja Reem akanikuta naandika, akauliza ni nini. Mimi na kiherehere changu nikamwonyesha! Nilikuwa naringa, nataka ajue kwamba dada wa kazi naye ana wasomaji. Akasema, "Wallah, Wakesho, kweli wewe ni mwandishi," akaenda chumbani na simu yake aitafsirishe asome vizuri.

Halafu Madam akaniita sebuleni. Baba ameketi. Reem analia. Madam akanisomea Kiarabu kilichotoka kwenye simu, polepole kama anayemsomea kipofu barua. Nikasikia "milhi", chumvi. Simu ilikuwa imesema hivi: Mama Kabira alikula chumvi nyingi, lakini macho yake bado yanaona. Huyu tutamzika sote.

Loo!

"Umempa chumvi," Madam akasema. "Umempa, ukangoja apofuke. Halafu mazishi."

"Laa, Madam! Ni msemo. Kwetu tunasema hivyo kwa mzee."

"Kwenu mnawapa wazee chumvi?"

"Hatuwapi! Wanakula wenyewe!"

Kosa hilo. Kiarabu changu ni cha jikoni, kinajua sufuria na ufagio, hakijui methali. Kila nikieleza nazidi kuzama. Baba akanyanyua mkono, akasema tutakwenda Jeddah, dada yake ataamua kama ni polisi au la. Simu yangu Madam akaitia mkobani. Polisi, jamani. Kwa nchi ya watu, kwa kosa la kutaka kumuua mama wa mwenye nyumba. Usiku huo sikuwaza kitu kingine ila mama yangu kuambiwa mtoto wake yuko jela kwa sumu.

Barabara ya jangwa

Tuliondoka asubuhi kwa lile gari kubwa. Kioko alikuwa usukani, dereva wetu, Mkamba wa Mwingi, ndiye yule mwalimu wa matusi. Baba mbele, Madam, Reem na wadogo zake katikati, mimi nyuma.

Barabara yenyewe mniulize nini? Mchanga, nyaya za umeme, ngamia wamesimama bila shughuli, mchanga tena. Kilichoniuma ni chakula. Kila safari ya familia ile mimi ndiye niliyekuwa nafungasha mikate, namenya machungwa, namimina chai ya chupa huku gari linatikisika. Safari hii Madam alikipakata kikapu mapajani kama kitoto kichanga. Yule mdogo wao wa kiume akaninyooshea chungwa, kama kawaida yake, nimmenyee. Madam akampiga kofi la mkononi, chungwa likaanguka. "Haram! Usile kwa mkono wake."

Mtoto nimemlisha mimi tangu anatambaa! Nikatazama dirishani. Kuna matusi ya Kitaita ambayo sikujua kama nayakumbuka, siku hiyo yalinijia yote kwa mpangilio.

Tulisimama petroli. Familia ikaingia hotelini upande wa familia, Madam akaniambia nibaki garini. Kioko akaniletea wali na kuku kwenye sahani ya karatasi.

"Kula, dada. Huwezi kwenda kuhukumiwa na njaa."

"Kioko, wewe unaamini nilimpa chumvi?"

"Mimi? Wewe hata chai yangu unaninyima sukari ati itaniharibu meno." Akanipa simu yake. "Ingia huko kwa blogu yako, uwaambie watu. Fanya haraka kabla hawajarudi."

Nikaingia. Sasa hapa ndipo mnisikilize, maana wengine wenu mlikuwepo. Nilikuwa nimenyamaza siku kadhaa, na kwenye komenti mlikuwa mmeshaniua na kunizika. "Toroka dada!" "Wamemfungia chooni, najua hao watu." "Tuambie walivyokutesa, usiogope, tunataka kusikia." Mnataka kusikia! Nilipoandika vumbi na muuza mboga mlikuwa mnapita kimya. Nilipopotea ndipo mkajaa kama nzi. Sikuona hata mmoja aliyeandika, "Wakesho, tukusaidieje?"

Isipokuwa yule mama msahihishaji. Mnamjua. Anajiita Bi Salma, Mzanzibari, na kila nikiandika lazima anitie kalamu nyekundu: si "hii mtu", mwanangu, ni "mtu huyu", si "nimeenda kuona dakta", ni "nimekwenda kwa daktari". Nilikuwa namchukia, nisiwafiche. Niliwahi kumjibu kwamba kama anataka sarufi afungue shule. Sasa chini ya yote hayo ameandika: "Mwanangu, kimya hichi si chako. Uko wapi? Mimi niko Jeddah, nambari yangu nimekutumia kwenye barua pepe."

Jeddah! Miaka yote nabishana na mtu ambaye yuko nchi hiihii.

Nikampigia kwa simu ya Kioko, huku natazama mlango wa hoteli. Nikamweleza mbiombio, chumvi, Reem, simu, polisi. Akasema, "Lahaula! Wamekutafsiria 'kula chumvi' neno kwa neno?"

"Ndiyo, Bi Salma."

"Na 'atatuzika' wakaifanya 'tutamzika'?"

"Ndiyo."

"Ebo! Mtendaji na mtendwa hawajui kuwatenganisha! Niambie nyumba mnayokwenda iko mtaa gani."

Yaani hata hapo aliyemkasirisha zaidi ni mtendaji na mtendwa. Nikamwambia Al-Rawdah, Kioko akadakia akamwelekeza, karibu na msikiti gani na duka gani, kwa sababu ameshapeleka mizigo huko mara nyingi. Familia ikatoka hotelini, nikaitupa simu kwenye kiti.

Hada, kwa nyani

Baada ya Taif barabara inaanza kuteremka mlima wa Hada kwa mizunguko, na kando ya barabara kuna nyani. Nyani wengi, wamenenepa kwa karanga za watalii. Watoto wakapiga kelele, Baba akaamuru gari lisimame wapige picha.

Mimi ni mtoto wa Taita. Nyani kwetu hatumpigi picha. Nyani ametumalizia mahindi tangu enzi za babu, na mama yangu akimwona moyo unamwenda mbio hadi leo. Nikasema, "Madam, usishuke na kikapu."

Muuaji hashauri mtu. Akashuka na kikapu chake mkononi, na hajapiga hatua, dume moja likaja likitembea taratibu kama mwenye mali, likashika kikapu, likavuta. Madam akavuta. Dume likaonyesha meno. Madam akaachia, akapiga ukelele, na chakula chote alichokilinda kutoka Malaz kikapanda mwambani.

Watoto wakaanza kulia. Dume likarudi, limeona hawa watu hawana la kufanya. Nikaruka nje, nikaokota mawe, nikalikemea kwa ile sauti ya shambani ambayo nilikuwa sijaitumia tangu niondoke nyumbani. Likageuka likaenda zake. Kioko akaegemea usukani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Mnadhani waliniambia ahsante? Baba alisema, "Yalla, panda." Basi.

Kisha likaja la njia. Baba alitaka apitie Makka afanye umra, lakini mimi na Kioko ni Wakristo, haturuhusiwi kuingia, na kibao cha barabarani kinatuelekeza njia ya pembeni. Akaguna, akahesabu mlolongo wa shida alizoletewa na mimi tangu asubuhi, na njia nayo akaitia humo. Watoto wana njaa, hiyo ni mimi. Umra imekosekana, hiyo ni mimi. Nyani ndio peke yao waliosamehewa.

Al-Rawdah

Nyumba ya dada yake Baba ni kubwa, ina lango la chuma na maua ya waridi ukutani. Nilikalishwa kwenye kiti cha jikoni, mlango wazi wanione. Ndani namsikia Mama Kabira anauliza, "Wakesho wapi? Nani amekuja, na Wakesho?" Wakamwambia pumzika. Sauti yake ilinifanya nilie kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Nililia kwa hasira, kwamba niko hatua chache tu na mtu niliyemlea, na siruhusiwi kumpa hata maji.

Dada yake Baba akaja akasimama mlangoni. Akaniuliza kwa utaratibu, kijiko kimoja au viwili? Kila siku au siku moja moja? Nikasema mafi, mafi, mafi, yaani hakuna. Akasema, "Umeandika kwa mkono wako." Akamwambia Baba halas, yamekwisha, piga simu polisi. Baba akatoa simu yake. Nikaona kidole chake kinatafuta nambari.

Kengele ikalia langoni.

Akaingia mama mfupi mnene, abaya ya hariri, udi unamtangulia, mkononi ana sinia la kaimati limefunikwa kwa kitambaa. Akawasalimu kwa Kiarabu cha Jeddah kilichonyooka, akamwombea mwenye nyumba dua, akamwombea mgonjwa dua, akawaombea na waliokufa. Nyinyi mnajua mgeni kwa Waarabu. Nani atamwambia rudi? Kabla hawajauliza yeye ni nani, ameshaketi na kahawa ameshamiminiwa, na simu ya Baba imesharudi mfukoni.

Nikasogea mlangoni. "Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wewe mdogo hivi? Nilidhani mkubwa, kwa ujeuri ule."

Halafu akawageukia. Nilichoelewa nawaambia. Aliwaambia kwamba yeye ni Mzanzibari, kaolewa Jeddah, na Kiswahili kakinyonya kwa mamake. Aliwaambia kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi sana, maana kila siku ya uhai ina chumvi yake. Akawaambia "atatuzika" ni yeye kutuzika sisi, akaeleza na mtendaji na mtendwa, kwa Kiarabu, akichora mezani kwa kidole. Reem akaanza kutazama chini. Lakini dada yake Baba akatikisa kichwa. "Maneno tu. Presha ilipanda kwa nini?"

Hapo Mama Kabira akatokea. Kajikongoja na fimbo yake, kanga kichwani ile niliyompa mimi.

"Mnasema nini habari ya chumvi?"

Dada yake Baba akainuka amshike mkono.

"Nani amewaambia?" akauliza, na uso wake ukabadilika. "Ni Wakesho amewaambia?"

"Amekuambia nini, mama?" Baba akauliza.

Mama Kabira akaketi. Akatazama fimbo. Halafu, kama mtoto aliyekamatwa, akatoa yote. Ndimu za chumvi. Jirani wa Malaz alikuwa akimletea ndimu zilizokaushwa kwa chumvi na zeituni, naye anazificha ndani ya mfuko wa vazi lake la sala, ambao mimi nilikuwa siufungui kwa heshima. Anakula nikiwa naandika! Nikishika simu yangu, naye anashika ndimu. "Supu yenu haina ladha," akasema. "Nife nimelamba chumvi kidogo, mna neno?"

Basi wakacheka. Jamani, walicheka. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Madam akacheka, Reem akacheka, dada yake Baba akapiga mapaja. "Halas, halas! Mafi mushkila!" Yaani hamna shida. Bi Salma naye tabasamu. Na Madam, bado anacheka, akanigeukia: "Wakesho, tuletee chai."

Nilisimama palepale. Nilikuwa nangoja neno. Kwa Kiarabu ni fupi, mwanamke husema asfa, yaani samahani. Watoto hufundishwa wakikanyagana. Nililingoja. Walikuwa karibu kunipeleka jela, mkono wangu uliitwa haram mbele ya mtoto niliyemlea, na sasa ni chai.

"Mafi chai," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"Bi Salma, nitafsirie, tena neno kwa neno kama simu yao. Waambie chai sipiki. Waambie mkataba wangu uko ukingoni na nataka kwenda kwetu. Waambie nina hasira, na hasira yangu si msemo."

Bi Salma akawaambia. Sijui alilainisha au hakulainisha, lakini Madam alifungua mkoba akanirudishia simu yangu bila kunitazama.

Mama Kabira akagonga fimbo sakafuni. "Uliandika habari zangu? Nisomee."

Nikasoma, Bi Salma akatafsiri sentensi baada ya sentensi. Nilikuwa nimeandika anavyoimba akidhani nimelala. Nilikuwa nimeandika anavyozungumza na picha ya mumewe akimwambia bei ya nyama imepanda. Mama Kabira alisikiliza kinywa wazi. Wanawe nao wakasikiliza; nadhani hawakujua kwamba anaimba.

"Na hayo nani anasoma?"

"Watu wa Voi, Mama. Mombasa. Wengine Doha."

"Wanaume pia?"

"Nao pia."

Akaiweka sawa kanga yake, akanyoosha mgongo kana kwamba wameingia sebuleni. "Waambie mume wangu alikuwa mrefu," akasema. "Umesahau kuwaambia alikuwa mrefu."

Basi nawaambia. Alikuwa mrefu.

Baba hakunizuia; nilikaa kwa Bi Salma mpaka safari yangu ikawa tayari. Alinilisha pweza na akanisahihisha kila nikifungua mdomo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama anakukera. Uwanja wa ndege alinikumbatia, akasema, "Ukifika andika, lakini 'dakta' nisilione."

Voi

Nimefika, nimelala, nimekula kimanga chetu cha mihogo na maharagwe mpaka nimeshiba. Mlioandika "toroka" mnaweza kuja kunisalimia, nitawapa chai, ila maneno mtayasikia.

Lakini sijamaliza. Juzi Madam kanitumia ujumbe. Mama Kabira amerudi Malaz na hataki kula. Supu ya mfanyakazi mpya anaisukuma, anasema si ya Wakesho. "Ulikuwa unaweka nini?" Hakuna salamu, hakuna habari ya safari.

Nilitaka nisijibu. Nilizunguka nyumba nzima nikifoka, mama akadhani nyani wameingia shambani. Lakini Mama Kabira hana kosa, na njaa haimjui mkosaji. Nikaandika: bizari, kitunguu cha kukaanga mpaka kiwe cheusi kidogo, ndimu mbichi mwishoni, na umpe ukiwa umekaa chini, si umesimama. Niliandika Kiarabu changu cha jikoni, bila msemo hata mmoja. Chini kabisa, peke yake kwenye mstari, nikamwandikia lile neno, ili alione, ikiwa lilikuwa limempotea: *Asfa.*

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani.

"Mafi mushkila, Wakesho. Tumekusamehe."